Mwenye Heri Isidore Bakanja: Mkristu wa Amani katika Msitu wa Mpira



Parokia inapofanya Yubile, desturi ni kuhesabu. Tunahesabu watoto waliobatizwa, ndoa zilizofungwa, mapadri waliotutumikia, katekista waliotembea kwa miguu na kwa mtumbwi ili neno la Mungu lifike vijijini. Hesabu hizo ni nzuri, nanyi mtazikuta katika kurasa nyingine za kitabu hiki.

Lakini katika Maandiko Matakatifu Yubile ni zaidi ya hesabu ya miaka. Kitabu cha Walawi chafundisha kwamba mwaka wa hamsini ni mwaka wa kupumzisha ardhi, wa kurudisha shamba kwa yule aliyeliuza kwa sababu ya umaskini, na wa kumfungua mtumwa apate kurudi kwa jamaa yake. Sababu yake ni moja: ardhi ni ya Mungu, nasi tunakaa juu yake kama wageni waliokaribishwa. Mgeni mwenye adabu hamalizi chakula chote cha nyumba, wala hapigi watoto wa mwenyeji wake.

Kwa hiyo tumeona vema kuwasimulia hapa maisha ya ndugu yetu mmoja aliyeishi wakati ambapo ardhi haikupewa pumziko, wala mtumishi hakupewa uhuru. Hakuwa padri, hakuwa mtawa, hakuwa mkubwa wa kazi. Alikuwa kijana mlei, msaidizi wa fundi wa matofali, kisha mtumishi wa nyumba. Jina lake ni Isidore Bakanja. Alikufa katika jimbo la Ekwateri, lakini maji ya mito ya kwake huingia katika mto ule ule unaopita mbele ya mji wetu wa Kisangani, na mateso ya nchi yake yalikuwa mateso ya nchi yetu pia.

1. Nchi aliyozaliwa

Bakanja alizaliwa karibu na mwaka 1885 katika kijiji cha Bokendela, katika kabila la Waboangi, ambalo ni tawi la watu wa Mongo. Baba yake aliitwa Iyonzwa, mama yake Inyuka. Siku ya kuzaliwa kwake haikuandikwa na mtu, maana wakati ule watu wa kwao hawakuwa na vitabu. Waliishi kwa kuvua samaki, kuwinda na kulima, na msitu ulikuwa ghala yao, dawa yao na kinga yao.

Mwaka ule ule wa 1885, mbali sana na Bokendela, wakubwa wa Ulaya walimaliza mkutano wao wa Berlin, na mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji akatambuliwa kuwa mwenye Dola Huru ya Kongo. Kwa jina ilikuwa huru. Kwa kweli ardhi yote isiyokuwa na nyumba au shamba juu yake ilitangazwa kuwa mali ya Leta. Mtu aliyekuwa akiingia msituni kama mtoto aingiavyo katika nyumba ya baba yake, sasa aliambiwa kwamba msitu una mwenyewe mwingine.

Vitu viwili vilitafutwa kwanza: pembe za tembo na mpira. Pembe zilijulikana tangu zamani, hata hapa kwetu Stanley Falls, ambako wafanyabiashara waliotoka pwani ya mashariki walizikusanya mbele ya Bulamatari kuimarisha utawala wake. Lakini nyuma ya mwaka 1890 mpira ulipita vyote, kwa sababu Ulaya na Marekani walianza kuutaka kwa magurudumu ya baisikeli na ya motokari, na kwa mashine za viwanda vyao.

Ndugu wasomaji, ni lazima tueleze kazi ile ilivyokuwa, maana bila kuijua hatuwezi kufahamu kifo cha Bakanja. Mpira wa wakati ule haukutoka katika mashamba yaliyopandwa. Ulitoka katika kamba za msituni, zinazopanda juu ya miti mikubwa kutafuta jua. Mwenye kuzichanja kwa akili huchanja kidogo, hukinga maziwa yake, kisha huiacha kamba ipone, naye hurudi siku nyingine. Namna hiyo kamba moja huishi miaka mingi. Lakini kila kijiji kilipewa kipimo cha kilo za mpira, na kipimo hicho hakikujali kama kamba zimepona au hazijapona. Yule ambaye kapu lake halikujaa alipigwa fimbo, au mke wake alifungwa mpaka kilo zipatikane, na wengine waliuawa au kukatwa mikono. Basi watu, kwa kuogopa, walikata kamba nzima ili watoe maziwa yote mara moja. Kamba ikafa. Kesho yake ilibidi kwenda mbali zaidi, na keshokutwa mbali zaidi tena. Mashamba yakabaki bila wakulima, njaa ikaingia, na magonjwa yakafuata njaa.

Hivyo msitu na watu walimalizika pamoja. Hilo ndilo jambo tunalotaka mlishike mioyoni tangu sasa: aliyeamuru msitu ukamuliwe bila kipimo, huyo huyo aliamuru watu wakamuliwe bila kipimo. Wamisionari kadhaa wa Kiprotestanti waliandika habari hizo. Mwaka 1903 konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto akasikiliza watu, na ripoti yake ikatoka mwaka 1904. Tume ya uchunguzi ikaja, ikakiri maovu mengi. Mwishoni, tarehe 15 Novemba 1908, nchi ilitolewa katika mikono ya mfalme ikawa koloni la Ubelgiji. Bendera ilibadilika siku moja. Desturi za makambi ya mpira hazikubadilika siku hiyo.

2. Fundi wa matofali anabatizwa

Katika nchi hiyo yenye giza, nuru ya Injili ilikuwa imeanza kuwaka. Hapa kwetu, siku ya Noeli ya mwaka 1897, Padri Gabriel Grison wa shirika la Moyo Mtakatifu alianzisha misioni ya Saint-Gabriel, karibu na maporomoko. Huko Ekwateri, Watrapisti waliotoka Westmalle katika Ubelgiji walifanya kazi hiyo, wakivaa kanzu zao nyeupe, wakifundisha sala na kazi za mikono.

Bakanja alipokuwa kijana aliacha kijiji, kama vijana wengi wa leo wanavyoacha vijiji vyao kuja Kisangani. Alifika Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville, akapata kazi ya Leta kama msaidizi wa fundi wa kujenga. Mchana alibeba matofali. Jioni alisikiliza mafundisho ya dini. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa, akaitwa Isidore. Jina hilo lilimfaa, kwa maana Mtakatifu Isidore wa Madrid alikuwa mlimaji, mtumishi wa shamba la mtu mwingine, aliyejifunza kusali akiwa kazini. Tarehe 25 Novemba mwaka ule ule Bakanja alipewa Kipaimara, na tarehe 8 Agosti 1907 alipokea Komunyo ya kwanza.

Siku hizo Wakristu wapya walipewa alama mbili za kujulikana: rozari, na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vidogo vya kitambaa vinavyoning'inia shingoni kwa uzi. Kwa mtu wa nje kilikuwa kitambaa tu. Kwa Bakanja ilikuwa nguo ya Kristu, alama kwamba yeye ni wa Bwana mwingine, asiyenunua watu wala kuwauza. Hakuivua tena.

Wale waliomfahamu walishuhudia kwamba alikuwa mpole, mwaminifu katika kazi, asiyependa ugomvi. Alisali bila aibu. Mahali pasipokuwa na padri wala katekista, yeye aliwafundisha wenzake sala alizozijua, kwa kuwa hakuweza kukaa na furaha yake peke yake.

3. Ikili

Kazi ya Mbandaka ilipokwisha, Bakanja alirudi kwanza kwao. Kisha akatafuta kazi tena, akaenda Busira, ambako kompani ya Kibelgiji iliyoitwa SAB ilinunua mpira na pembe. Huko alitumika kama boi wa mzungu mmoja jina lake Reynders. Reynders alipohamishwa kwenda kituo cha Ikili, Bakanja alimfuata.

Mkubwa wa Ikili alikuwa André Van Cauter, ambaye wenyeji walimwita Longange. Huyo hakupenda mapadri. Wamisionari waliingia vijijini, waliona yaliyofanyika, na waliwafundisha watu kwamba mbele ya Mungu mweusi na mweupe ni watoto wa Baba mmoja. Mafundisho ya namna hiyo hayakusaidia kujaza makapu ya mpira. Mfanyakazi anayejua kuwa ana roho isiyokufa hawezi kuhesabiwa pamoja na makapu. Ndiyo maana Longange alikataza sala katika kituo chake, akamkataza Bakanja kuwafundisha wengine, akamwamuru aivue skapulari.

Bakanja hakumtukana. Kazi yake aliendelea kuifanya vema kama mbele. Aliomba ruhusa arudi kwao, akanyimwa. Kwa habari ya sala na skapulari, alikaa kimya, akaendelea. Mara ya kwanza alipigwa fimbo ishirini na tano.

Wengine watauliza: Kwa nini kufa kwa ajili ya kitambaa? Swali hilo ni la haki, nasi tulijibu. Longange hakutaka kitambaa. Alitaka mtu mzima. Alikuwa amekwisha kupata mikono ya wafanyakazi, muda wao, msitu wao na usingizi wao. Ilibaki sehemu moja tu ndani ya mtu ambayo kompani haikuimiliki, na skapulari ilikuwa alama ya sehemu hiyo. Bakanja alitoa vyote alivyodaiwa kwa haki. Sehemu ile hakuitoa, kwa kuwa haikuwa yake kuitoa. Ilikuwa ya Mungu.

4. Siku ya fimbo

Tarehe 2 Februari 1909, sikukuu ya Bwana kutolewa hekaluni, Longange alimwita tena. Alimkuta na skapulari shingoni, akamrukia, akaing'oa, akamwangusha chini. Watumishi wawili waliamriwa kumshika mikono na miguu. Wa tatu aliamriwa kupiga. Huyo wa tatu hakutaka, lakini aliogopeshwa naye akapiga.

Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo, na kwenye ncha yake palikuwa na misumari. Angalieni jinsi uovu unavyotumia vitu vya Mungu: ngozi ya mnyama wa msitu ikawa fimbo, mikono ya ndugu ikawa mikono ya kumtesa ndugu. Mapigo yalipita mia mbili. Mgongo wa Bakanja ulipasuka mpaka mifupa kuonekana. Kisha walimfunga miguu kwa minyororo, wakamtupa katika nyumba ya kukaushia mpira kwa moshi. Humo, katika harufu ya mpira ulioondoa amani katika nchi nzima, alilala siku nyingi na vidonda vyake.

Kisha habari ilifika kwamba mkaguzi wa kompani anakuja. Longange alitishika. Mtu aliyepigwa namna ile hakupaswa kuonekana. Akaamuru Bakanja apelekwe katika kijiji kingine, mbali na macho ya mkaguzi. Lakini njiani Bakanja alijificha msituni. Msitu ule uliochanjwa na kukatwa ulimficha kama mama. Mkaguzi, Mjerumani jina lake Dörpinghaus, alipofika, aliona mtu akitoka kati ya miti, akijikokota kwa kuegemea vijiti, mgongo wake wote ni kidonda kinachooza na nzi wanakizunguka. Longange alitaka kumrukia tena, mkaguzi akamzuia. Dörpinghaus alimchukua mgonjwa katika masua yake ili atunzwe.

Tusipite haraka hapo. Bakanja hakuchagua kujificha mpaka afe bila mtu kujua. Alitoka akaonyesha vidonda vyake kwa mtu aliyeweza kutenda haki. Na alipoona kwamba hataishi, aliwaomba waliomzunguka kwamba, wakimwona mama yake, au wakifika kwa hakimu, au wakikutana na padri, waseme kwamba amekufa kwa sababu ni Mkristu. Mtu wa amani si mtu anayeufunika ukweli.

5. Msamaha

Vidonda havikupona. Bakanja aliteswa kwa miezi sita na zaidi, akitunzwa na Wakristu wa Busira. Hao walikuwa wafanyakazi maskini kama yeye. Walimwosha, walimlisha, walisali pamoja naye.

Tarehe 24 na 25 Julai 1909 wamisionari wawili, Padri Grégoire na Padri Georges, walifika kwake. Aliungama, akapokea Mpako wa wagonjwa na Ekaristi. Mapadri walimwuliza kama amemsamehe yule aliyempiga. Akajibu kwamba hana hasira juu yake, kwamba kama Mungu anataka afe, atakufa, na kama anataka apone, atapona. Kisha akaongeza neno ambalo Kanisa la Kongo halitalisahau: kwamba akifika mbinguni, atamwombea sana mzungu yule.

Wapenzi, wengi wetu tunasema tumesamehe, na maana yake ni kwamba tumechoka kulipiza kisasi, au hatuna nguvu ya kulipiza. Bakanja alikwenda mbele zaidi. Alimtakia mema aliyemwua, na mema makubwa kuliko yote, yaani kumwona Mungu. Ukweli wa vidonda vyake alitaka ufike kwa hakimu, na roho ya Longange alitaka ifike mbinguni. Mambo hayo mawili hayakupigana ndani yake. Ndiyo amani ya Kristu, isiyofanana na amani ya woga wala na amani ya wenye kusahau.

Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, Wakristu walikusanyika kusali. Bakanja, aliyekuwa amelala siku nyingi, aliinuka kitandani, akatembea kidogo katika shamba la migomba, rozari mkononi, bila kusema na mtu. Kisha akarudi, akala kidogo, akalala, akafa kwa utulivu. Walimzika na rozari mkononi na skapulari shingoni. Longange hakufaulu kumvua.

6. Kanisa linamkumbuka

Mwaka 1917 mifupa yake ilichukuliwa ikapelekwa katika misioni ya Bokote. Wakristu wa nchi ya Mongo hawakuacha kumsimulia watoto wao, na ushuhuda wa waliomwona ulikusanywa. Tarehe 24 Aprili 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwenye heri mjini Roma, siku ambazo maaskofu wa Afrika walikuwa wamekusanyika huko katika Sinodi. Ni Papa yule yule aliyefika Kisangani mwezi wa Mei 1980, na ambaye tarehe 15 Agosti 1985 mjini Kinshasa alimtangaza Mwenye heri Sista Anuarite Nengapeta, binti wa Wamba, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Anuarite na Bakanja wanafanana katika jambo moja: wote wawili walikufa wakiwasamehe waliowaua.

7. Neno lake kwa sisi wa Kisangani

Miaka zaidi ya mia moja imepita. Makambi ya mpira hayako tena. Je, maisha ya Bakanja yamekuwa hadithi ya zamani tu?

Kumbukeni mwezi wa Juni 2000. Kwa siku sita, toka tarehe 5 mpaka 10, majeshi mawili ya nchi za jirani yalipigana katikati ya mji wetu. Mabomu yalianguka juu ya nyumba, shule na makanisa, na mamia ya watu wasio na silaha walikufa. Kila mtu hapa anajua kwamba almasi, dhahabu na mbao hazikuwa mbali na vita ile. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dolari milioni 325 kwa maovu ya vita katika nchi yetu, na katika hizo, milioni 60 ni kwa ajili ya mali ya asili iliyochukuliwa. Hakimu amesema, na ni vema. Ukweli ulitoka msituni, kama Bakanja alivyotoka. Lakini fedha haziwezi kuponya moyo. Ni sisi tunaopaswa kujifunza kumwombea hata yule aliyetupiga mabomu.

Kumbukeni pia mwaka 2023, ugomvi wa ardhi kati ya ndugu zetu Wambole na Walengola. Nyumba zilichomwa, watu waliuawa, familia nyingi zilikimbia zikafika mjini na vifurushi vichwani. Hapo hatuwezi kumlaumu mfalme wa mbali. Wamebatizwa huku, wamebatizwa huku. Yule mtumishi wa tatu wa Ikili, aliyeshikishwa fimbo ampige mwenziwe, anatuuliza: Ni nani aliyetushikisha fimbo? Na kwa nini hatuiachi ianguke?

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini ni kilio kimoja. Alipofika Kinshasa mwanzoni mwa mwaka 2023, aliwasihi wenye nguvu wa ulimwengu waache kuinyonya Kongo na Afrika, akawakumbatia waliojeruhiwa na vita ya mashariki. Sisi tulifurahi kusikia wageni wakikaripiwa. Lakini neno lile ni letu pia. Tunapokata afromosia changa kwa kuwa kubwa zimekwisha, tunapochoma msitu kwa makala bila kupanda mti mmoja, tunapovua kwa vyandarua vya mbu vinavyochukua hata vitoto vya samaki, tunafanya yale yale ya kukata kamba nzima ili kapu lijae leo. Tofauti ni kwamba wale wa zamani walikata kwa kuogopa fimbo. Twajua umaskini ni fimbo pia, na hatumhukumu mama anayeuza makala ili watoto wale. Lakini mwenye masua nzima ya mbao na mwenye shimo la dhahabu watajibu nini?

Dunia aliyotupa Mungu inatosha kwa wanaojua kusema yatosha. Haitatosha kamwe kwa wasiojua neno hilo. Bakanja alikuwa na kazi, rozari na kipande cha kitambaa, naye hakumwonea mtu. Longange alikuwa na kituo, bunduki na ghala za mpira, naye hakuwa na amani hata ya kumwacha boi asali.

Basi katika mwaka huu wa Yubile, kila shirika la kikristu la parokia yetu lichague jambo moja la kutenda: kupanda miti pale ilipokatwa, kuacha sehemu ya mto ipumzike wakati samaki wanapozaa, kukaa meza moja na jirani ambaye tunagombana naye juu ya mpaka wa shamba. Kazi hizo ni ndogo. Lakini Bakanja naye alianza kwa kazi ndogo, akibeba matofali ya nyumba ambazo hakukaa ndani yake.

Tumwombe Mungu kwa maombezi yake:

Ee Mungu Baba, uliyemtia nguvu mtumishi wako Isidore asiikane imani yake wala asimchukie adui yake, utufundishe kutumia dunia yako kwa kipimo, kusema ukweli bila woga, na kusamehe bila kubakiza. Uwape amani watu wa mto na wa msitu, uwapumzishe wote waliokufa kwa ajili ya mali isiyokuwa yao. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.

Mwenye heri Isidore Bakanja, utuombee.